Udongo Chini ya Nyumba ya Bibi Echati

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali iliyopigwa pasi mpaka karibu isimame yenyewe, maana nilidhani nimeajiriwa ofisini. Mjiolojia Kiongozi alinitazama toka juu mpaka chini, pale Korogwe, akanikabidhi nyundo na gunia tupu. “Karibu sana, kijana,” akasema. “Ofisi yako inaanzia pale lami inapoishia.” Nilicheka peke yangu. Yeye hakuwa anatania.

Nyinyi mnaosoma miamba kwenye kompyuta mjue kwamba sisi tuliisoma kwa kuipiga. Mimi nilikuwa msaidizi wa uwandani: nilichimba, nilibeba dira na sampuli, na nililowesha mawe kwa ulimi ili rangi zake zionekane vizuri. Nimelamba mawe kuliko mbuzi. Kule Bungu, kwenye baridi, nilifundishwa kuitambua naisi, mwamba wenye michirizi myeupe na myeusi, uliopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini kabla haujafika juu. Kabuku tulikaa msimu mzima wa vumbi. Kisha ikaja amri ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, nasi tukapelekwa Handeni kutafuta mahali pa kuchimba visima.

Katika kijiji kimoja kipya, chini ya kilima chenye mawe meusi, Katibu wa kijiji alitupokea amekunja uso. “Bwana mtaalamu, kuna bibi ananiharibia kijiji. Anasema kilima hiki kitalipuka. Analala ng'ambo ya mto na binti yake na wajukuu, na watu wameanza kumfuata. Asipojenga wiki hii, mgambo watambeba.”

Tulivuka mto pamoja na Katibu. Bibi Echati alikuwa mzaliwa wa Ngazija, kisiwa chenye volkano hai iitwayo Karthala. Alikuwa ameolewa na Mzigua aliyepika kwenye meli, akaja naye Handeni, na sasa alikuwa mjane.

“Shikamoo, bibi,” tukasema.

“Marahaba, wanangu. Mmetumwa kunibeba?”

“Tumekuja kukusikiliza,” Kiongozi akajibu, akaketi chini kwenye vumbi. Nami nikaketi.

Akatusimulia. Alikuwa msichana mdogo. Ardhi ilitetemeka siku kadhaa, kisha mlima ukapasuka ubavuni, si kileleni kama watu wanavyodhani. “Ule moto wa uji ulishuka taratibu. Mtu mzima anaweza kuukimbia. Mdogo wangu alirudi kufungua mbuzi. Moto haukumfikia, mwanangu. Ilimfikia hewa.”

Kiongozi akasema, “Pole sana, bibi. Ni kweli. Ile hewa ni sumu, na ni nzito, hulala mabondeni.” Akanigeukia na kunieleza kwa sauti ambayo bibi naye angeisikia. Kisiwa kile kimejengwa na volkano zenyewe, zaha juu ya zaha, kutoka chini ya bahari. Zaha ni huo uji wa mwamba. Mara nyingi hutiririka tu, lakini maji yakiikuta ingali ya moto ndani ya kasoko, yaani shimo la kileleni, mlima hulipuka na kumwaga majivu.

Akatoa mawe mawili: moja la volkano, la kufundishia, na moja jeusi la kilima chetu. Bibi akayapima mikononi. “La kwetu jepesi, lina vitundu.”

“Ni hewa iliyotoka humo likiwa uji. Hili la hapa ni zito, na ona punje hizi nyekundu. Ni garneti, madini yanayoota ndani ya jiwe likipikwa. Hili lilipikwa chini sana ardhini, mamilioni mengi ya miaka yaliyopita, na halijawahi kutiririka hapa.”

Bibi akayarudisha. “Jiwe mtu anaweza kulibeba akalileta. Udongo je? Baba alipochimba birika la kuwekea maji ya mvua kule kwetu, ukuta wake ulikuwa na matabaka: jeusi, jekundu, jeusi. Wazee wakatuambia kila jeusi ni msiba. Nichimbieni pale mnapotaka nijenge, nione.”

Katibu akaguna. “Hatuna muda wa michezo.”

“Mgambo watasubiri,” Kiongozi akamwambia. “Hivyo hivyo ndivyo tunavyosoma historia ya milipuko. Tabaka jeusi ni mlipuko, jekundu ni miaka ya amani, majani yakiota na udongo kukomaa. Mimi ndiye niliyepaswa kulifikiria hilo shimo.”

Tukavuka tena, tukachimba kwenye kiwanja chake chini ya kilima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Bibi alikaa ukingoni, hakuondoka hata kula. Tulipogonga mwamba aliomba ngazi, akateremka mwenyewe, akapapasa ukuta wote pande zote nne. Ulikuwa udongo mwekundu kutoka juu, kisha naisi iliyooza ikawa laini, kisha naisi ngumu. Hapakuwa na tabaka jeusi la majivu hata la unene wa kucha. Akalia mle ndani, na hakuna aliyemharakisha, hata Katibu.

Alipotoka alijifuta machozi kwa kanga. “Msilifukie,” akasema. “Shimo zuri hili. Nitalifanya choo.”

Nimestaafu, naishi Kilole, magoti yananikumbusha kila mlima niliopanda. Nawashukuru wakubwa wangu wote, hata wale wakali, lakini Kiongozi yule namwombea dua kwa jina. Alinipa kazi iliyoniwezesha kumwondolea mtu hofu kwa kumwonyesha ukweli. Si kila ajira inatoa nafasi hiyo.

Kambi ilipohama, tulipita kumuaga bibi. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa jana yake, na jua lilikuwa limeshapanda. Binti yake alitoka mlangoni akaweka kidole mdomoni. “Bado amelala,” akanong'ona. “Sijapata kumwona akilala hivi tangu nizaliwe.”

Nilitaka amwamshe. Kiongozi akanishika mkono, tukalisukuma gari kimya kimya mpaka mbali, ndipo tukaliwasha.