Dada Alivyonifanyisha Mazoezi ya Elektroni

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma fizikia na kuishi na dada yangu mtaa wa Gatwekera. Jioni moja nilikuwa najiandaa, maana siku iliyofuata nilitakiwa kulieleza darasa jinsi leza inavyoandaa elektroni kabla hazijaingizwa kwenye mashine za kuziongeza kasi. Nilikuwa na woga hadi chakula kilinishinda.

Dada, ambaye kazi yake ilikuwa ususi, alinikalisha mlangoni anisuke.

"Niambie mimi kwanza," akasema. "Leo mimi ndio darasa."

Nikamwambia kila elektroni hujizungusha kama pia ya watoto, hii huku, ile kule. Lakini mapigo mafupi ya leza kali, yenye mwanga unaozunguka upande mmoja, yakigonga kipande cha madini fulani, hutoa elektroni ambazo nyingi huzunguka upande mmoja.

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. "Na zikigongwa hivyo, haziumii?"

Nilicheka hadi machozi, naye akacheka, woga ukanitoka. Nikarudia polepole mpaka akaelewa.

Kesho yake darasani nilieleza vilevile, polepole. Niliporudi, dada alikuwa anamsuka mteja.

"Walikuelewa?"

"Walinielewa."

Akamgeukia mteja, uso umejaa furaha. "Huyu ni mdogo wangu," akamwambia.