Micheline Aliyesema Anaenda Bengamisa

Micheline alishona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa mkono wa kulia, akafumua, akaushona palepale tena. Akaiacha mashine, akatoka uani, akatazama juu, kisha akainamisha macho haraka kama mwizi.

Binamu yake Fiston, anayekaa Brussels, alimwandikisha kwa mzaha katika bahati nasibu ya kampuni moja ya roketi. Jina likatoka. Sasa Alhamisi angepanda ndege hadi Kinshasa, kisha ng'ambo, kisha angerushwa nje ya anga kwa dakika chache pamoja na matajiri waliojinunulia viti vyao. Fundi wa kushona wa Kabondo, mtaa wa Kisangani! Akiwaza hivyo alicheka peke yake.

Na kumwambia mtu hawezi. Kisangani kwetu safari haitangazwi, maana ukiitangaza unawapa watu nafasi ya kukutilia jicho, na wenye kijicho hawakosekani hata kwenye kwaya. Mtu huondoka kama anayekwenda kununua chumvi, majirani wakaja kupata habari zake kwa simu. Basi Micheline akaokota uongo uliokuwa karibu: anaenda Bengamisa, si mbali na mji, kumsalimia mama mdogo Clémence kwa siku mbili.

Uongo wenyewe ulimtesa. Alikwenda kusukwa nywele zilale kabisa kichwani, maana aliambiwa huko juu zinaelea. Chance, msusi wake, akamtania, "Kwa Bengamisa tu unajipamba hivi? Uko na bwana kule?" Micheline akacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Chakula hakikushuka, na kukaa hakukuwezekana. Moto wa roketi alikuwa amekwisha kuupigia moyo konde. Kilichomnyima raha ni kwamba angeweza kufa huko juu, na mama yake akaendelea kuamini yuko Bengamisa anakula vizuri.

Jumatano asubuhi mama yake, mama Solange, alitoka jikoni na samaki wa kukaushwa waliofungwa katika majani, waliotoka kwa ndugu zake wa Yanonge. Akawatia katika mfuko wa Micheline.

"Hii iko ya Clémence. Utamupatia mu mikono yake."

"Mama, mufuko imeshajaa."

"Imejaa na nini? Kwa siku mbili?" Mama akaketi kwenye kigoda, akamtazama binti yake. "Papa yako pia aliniambiaka anaenda Bengamisa. Nikamufungia samaki. Akabeba yote."

Micheline hakuwahi kuambiwa hilo. Alijua tu kwamba papa Cyprien aliondoka yeye akiwa shule ya msingi, wakasikia yuko Angola, kisha wasisikie tena.  Akaketi chini, sakafuni, akasema yote, kuanzia Fiston hadi roketi.

Mama alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akauliza, "Kule juu kuko nini?"

"Hakuna kitu, mama. Giza tu."

"Alors unaenda kuangalia nini?"

"Minaenda kuangalia huku chini."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Na kurudi, unarudi na nini?"

"Na parachute, mama."

"Parachute." Alilitamka neno hilo polepole, macho yakamlowa, akayafuta kwa ncha ya kitenge kwa hasira. Micheline alingoja akatazwe. Kwa kweli alitamani akatazwe. Angelala usingizi, angemaliza ile blauzi.

Mama Solange akainuka, akafungua mfuko, akatoa samaki wote. Akawarudisha jikoni mmoja mmoja, akawapanga kwenye uchaga juu ya moto.

"Safari hii hawatoki," alisema akiwa amempa mgongo. "Watabaki hapa. Utakuja kuwakula wewe mwenyewe."