Barabara Tupu ya Siku ya Sabato

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia akilini shingo hupata joto na hujikuta nimeinamisha macho, hata nikiwa peke yangu chumbani. Nyinyi vijana mnaponiona nimenyamaza magari yenu yakipanda mlima wa Kiogoro kwa kishindo, mnadhani huyu ni mzee anayechukia ujana. Sivyo. Mlio ule naujua. Naujua mpaka kwenye nyayo za miguu.

Nilikuwa na gari jekundu la milango miwili, lililokaa chini kama paka anayenyemelea. Lilikuja kutoka Japani likiwa limetumika, lakini kwangu lilizaliwa siku niliyokabidhiwa ufunguo. Nilifanya kazi katika ofisi ya bima mjini Kisii, ambako kutwa nzima nilisikiliza watu wakieleza jinsi walivyogongana, kisha jioni nikatoka na kulipapasa gari langu kana kwamba hayo yote huwapata watu wengine tu.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Kerubo, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira. Wazee wa kwetu na wa kwao walikuwa wamekwisha kupanga siku ya kukaa kuzungumza mahari. Nilimpenda, mwanangu, nasema hivi nikiwa mtu mzima asiye na sababu ya kujipamba. Kwa kicheko chake ningetembea kutoka Marani hadi Kenyenya bila viatu. Lakini nilipokuwa nimeinama kwenye injini naye akizungumza kando yangu, nilikuwa nikiitikia "mm" bila kushika neno. Juma lile aliniambia habari za kanisa lao, kwamba Sabato hiyo mama yake angekuwa na shughuli kubwa na angefurahi kuniona. Nikaitikia "mm". Kisha nikasema nina kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa Nyaundi, mtoto wa mfanyabiashara wa Marani, aliyekuwa na gari la buluu na mdomo usiopumzika. Tulikuwa tumetambiana muda mrefu ni nani angemwacha mwenzake katika mbio za mstari ulionyooka. Tatizo ni kwamba nchi yetu ni ya milima na kona. Kipande cha lami kilichonyooka tulikipata upande wa Nyamira, katikati ya mashamba ya chai. Siku za kawaida kilijaa wachuma chai, baiskeli na punda wa maji. Lakini Jumamosi asubuhi? Pale karibu kila nyumba ni ya Wasabato, na wakishaingia kanisani barabara hubaki kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Tukajiona wajanja sana. Mimi niliyelelewa katika nyumba ya Sabato, ninayejua nyimbo zao bila kitabu, niliifanya ibada ya watu iwe ndiyo ya kunifungia barabara.

Ili gari liwe jepesi niling'oa kiti cha abiria, kiti cha nyuma, tairi la akiba na jeki, nikaviacha vyote kwenye veranda yangu. Nyaundi naye alifanya hivyo.

"Momanyi, hiyo ni gari ama ni kiatu umevaa?" aliniuliza akichungulia dirishani mwake tulipopanga magari sambamba.

"Ni kiatu. Leo utaona soli yake tu."

"Na mtu akitokea?"

"Atoke wapi? Wote wako kanisani. Huku hata ng'ombe leo wanaomba."

Tulicheka. Kisha akapiga honi mara tatu, na ya tatu ikawa ndiyo ruhusa.

Sitakudanganya kwamba haikuwa tamu. Mgongo ulinata kwenye kiti, chai ikageuka utepe wa kijani pande zote mbili, na kifuani nikahisi kitu kikifunguka ambacho sikujua kilikuwa kimefungwa. Nilibadilisha gia, nikabadilisha tena. Kwenye kioo nilimwona Nyaundi akizidi kuwa mdogo. Nikacheka peke yangu kwa sauti.

Ndipo nikawaona watu. Walikuwa wakitoka kwenye kijia kati ya michai na kuingia barabarani, wakiimba. Sabato ile ilikuwa ya ubatizo. Ibada ilikuwa imetoka kanisani ikielekea mtoni, na njia ya mtoni inakatiza lami ile. Mbele walikuwa wabatizwa ndani ya kanzu zao, wengi wakiwa watoto, na wamama wa kanisa wakiwaongoza.

Nilikanyaga breki. Gari lilizunguka, likapiga ukingo, likaingia kwenye chai kwa ubavu. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Nyaundi, kwa kuwa alikuwa nyuma, aliwahi kusimama. Sikumgonga mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, na kila nikimshukuru naona aibu. Watu walikuwa wamejitupa huku na huku. Mama mmoja aliwasukuma watoto nyuma, kisha yeye mwenyewe akaanguka mtaroni. Alilala humo nguo imempanda juu ya magoti, mguu umejipinda mahali mguu usipojipinda. Alikuwa mama yake Kerubo.

Sisi Abagusii tuna kitu tunachokiita ensoni, ile haya ya heshima kati ya watu waliooana ukoo kwa ukoo. Mkwe hamgusi mama wa mchumba wake, wala hamtazami akiwa katika hali ya kumvunjia heshima. Na mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na ule mtaro. Nilisimama mikono ikining'inia. Aliniona. Akavuta nguo kwa mkono mmoja, akasema kwa sauti ndogo, "Geuka."

Nikageuka. Wamama wenzake wakaja wakamfunika kwa leso.

"Si una gari?" mtu mmoja akanishika bega. "Mpeleke hospitali!"

Angeketi nyuma, na hata ensoni isingekuwa na neno. Lakini nyuma hapakuwa na kiti. Waliokuja kuchungulia waliona chuma kitupu na kiti kimoja, changu. La Nyaundi lilikuwa vilevile. Hakuna aliyenitukana. Barabara niliyoisifu kwa utupu wake iliendelea kuwa tupu. Hapakupita gari hata moja. Mwishowe wanaume walikata miti, wakafunga shuka, wakambeba mabegani mpaka kituo cha afya, watoto wenye kanzu za ubatizo wakifuata nyuma bila kuimba. Nami nilifuata kwa mbali, nimeshika ufunguo.

Alipokwisha kufungwa plasta na kurudi nyumbani, nilikwenda na baba yangu mdogo kuomba msamaha. Mzee Ombati, baba yake Kerubo, alitupokea vizuri mno. Tuliletewa chai na ndizi. Mama hakutoka, alizungumza kutoka jikoni, nyuma ya mlango.

"Mwambieni nimemsamehe," alisema. "Mguu utapona. Kama ingekuwa ni wale watoto, sijui ningesema nini."

Hapo ningenyamaza, mwanangu. Badala yake nikajitetea. Nikasema ningemwinua kwa mikono yangu mwenyewe, ni vile tu ensoni ilinizuia. Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, akidhani nimesema vyema. Mzee Ombati akakiweka kikombe chini.

"Kijana," alisema, bila kupandisha sauti, "ensoni ilitakiwa ikuzuie nyumbani kwako, kabla hujawasha gari."

Kerubo alinisindikiza hadi langoni. Nilitaraji machozi au ukali. Alizungumza kama mtu aliyechoka.

"Siku ile nilikuwa kwenye mstari, nyuma ya mama."

"Najua. Nisamehe."

"Hujui. Ulipotoka kwa gari, ulizunguka mbele. Ukainama ukaangalia bampa. Ukaipangusa na mkono. Halafu ndio ukamwangalia mama."

Nilifungua mdomo kukana. Kisha nikaukumbuka ule unga mwekundu wa rangi uliokuwa kiganjani mwangu jioni ile nilipokuwa nikinawa, ambao sikutaka kujiuliza ulitoka wapi.

"Ungesimama tu umechanganyikiwa, ningeolewa na wewe, hata mama akitembea na magongo," akasema. "Hata ungekimbia, ningeelewa. Lakini ile bampa, Momanyi... Waambie wazee wenu wasije."

Wazee wetu hawakwenda. Mama yake nimekutana naye sokoni mara nyingi baada ya hapo. Anachechemea kidogo, na bado hunisalimia kwa jina langu. Kuna siku nimetamani apite kama hanijui.

Sikwambii uuze gari lako, mwanangu. Kama kasi inakuwasha, itafutie mahali palipofungwa kwa ajili hiyo, penye wasimamizi na daktari, na kila aliyepo awe amejua kwa nini yupo. Usiseme barabara ni tupu kwa kuwa wewe hujaona mtu. Watu wana njia zao za kwenda mtoni ambazo hukuwahi kuuliza. Anayekupenda akizungumza, toa kichwa kwenye injini umsikilize. Na siku utakayokosea, kwa kuwa utakosea, macho yako yamtafute mtu kabla ya kutafuta kingine chochote. Yazoeze sasa, maana siku yenyewe hayatakuuliza.

Mungu akulinde wewe, na awalinde wote wanaovuka mbele yako. Akupe nyumba ambayo watu wake, wakisikia gari lako likija, watatoka kukupokea.