Hita ya Chumba Namba Nne

Mutabazi aliijua mitaa ya Gisenyi kwa mabomba yake. Angepita mbele ya nyumba akakwambia maji ya hapa yanaua pasi kwa mwaka mmoja, ya pale yanachukua miwili. Ufundi wa umeme aliujifunza Karagwe, Tanzania, walikokimbilia wazazi wake kabla hajazaliwa, na aliporudi nchini kwao alikodi kibanda nyuma ya soko. Kazi haikumkosa. Birika hazipitishi moto, mashine za kufulia zinanguruma bila kuzunguka, hita za bafuni zinakula umeme na maji hayapati joto.

Mteja akilalamika kuwa ameuziwa kitu bandia, Mutabazi alikuwa akibandua gamba jeupe kutoka ndani ya birika na kumtilia kiganjani.

"Hii siyo uchafu, mama, wala mfanyakazi wako si mvivu. Hii ni chokaa. Imo ndani ya maji, huioni. Ukiyachemsha, yenyewe inabaki na kuganda kwenye chuma. Mimina siki au ndimu kila mwezi, uchemshe, umwage."

Walimwitikia, wakaenda zao, wakarudi mwaka uliofuata na birika ile ile.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe Hirwa alifanya kazi Kigali, na yeye mwenyewe aliishi Rugerero, nje kidogo ya mji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ya Nyiraneza, mjane aliyelima maharagwe. Jioni Nyiraneza alimpelekea chakula kupitia ua, akiita tu, "Papa Hirwa, sahani iko hapa!" na kuondoka bila kungoja shukrani. Binti yake, Uwera, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisuka nywele vizuri kuliko msichana yeyote wa pale, lakini kusuka majirani hakukuwa ajira, na mama yake alitaka apate kazi ya kudumu. Basi Mutabazi akamwombea nafasi kwa Connie.

Connie alirudi kutoka Uganda na kujenga nyumba ya wageni yenye vyumba sita karibu na ziwa. Alikuwa mwepesi wa kusema na mwepesi wa kucheka, na Mutabazi ndiye aliyemfungia hita zote sita. Uwera akaajiriwa kutandika vitanda na kusafisha bafu.

Mwezi wa pili, hita ya chumba namba nne ilianza kugugumia. Mutabazi aliifungua akakuta koili ya kuchemshia maji imenenepa kwa chokaa kama mhogo uliomenywa. Akaikwangua. Kisha akajaribu kuinua kijiti cha vali ya usalama, ile inayotoa mvuke maji yakipitiliza kuchemka. Kijiti hakikutikisika. Chokaa ilikuwa imekishika kama saruji.

"Connie, hii vali imeziba," alisema. "Ndiyo njia pekee ya mvuke kutoka. Inatakiwa mpya, na hapa mjini haipo. Nitaiagiza Kigali."

"Sawa, fundi, iagize. Lakini usinizimie hita. Nina wageni mpaka Pasaka. Hiyo vali mpya tutaifunga baada ya hapo."

Mutabazi alisimama na bisibisi mkononi. Alitaka kusema hapana, hita hii isiwashwe hata siku moja. Lakini Connie alikuwa mteja wa siku nyingi, nje wageni walikuwa wakiulizia maji ya moto, na hita nyingi za mji huo zilikuwa na vali zilizoganda na hazijamdhuru mtu.

"Basi, baada ya Pasaka," akasema.

Akarudisha kifuniko. Alipotoka alimkuta Uwera kwenye korido amebeba mashuka. Walisalimiana, wakataniana kidogo juu ya mvua, akaenda zake.

Jumatano iliyofuata Pasaka, vali mpya ikiwa bado haijafungwa, saa nne asubuhi, dereva wa pikipiki alisimama mbele ya kibanda na hakuzima injini.

"Fundi, kwa Connie hita imepasuka! Kuna dada ameungua, amepelekwa hospitali."

Mutabazi hakuuliza chumba gani. Hakuuliza dada yupi.

Kidude cha kukata umeme maji yakishachemka kilikuwa kimeshindwa kufanya kazi, maji yakaendelea kuchemka, na mvuke haukuwa na pa kutokea. Tangi lilichanika kwenye mshono wakati Uwera amechuchumaa chini yake akisugua sakafu. Maji yalimmwagikia shingoni, begani, na kwenye mkono wa kuume aliouinua kujikinga.

Hospitali, Connie alikuwa kwenye benchi analia. Alipomwona Mutabazi alimshika mikono. "Ni haya maji, fundi. Wewe mwenyewe husema kila siku, maji ya huku ni mabaya. Ni bahati mbaya tu, si ndiyo?"

Nyiraneza alikuwa ameegemea ukuta, kitenge chake bado kina udongo wa shamba. Akamgeukia jirani yake.

"Papa Hirwa, mi sijui mambo ya umeme. Niambie tu. Ile kitu ilikuwa imeharibika, we ulijua?"

Mutabazi aliona kuwa angeweza kuyasingizia maji. Kila mtu pale angemwamini.

"Nilijua, Mama Uwera. Tangu mwezi wa pili."

"Na ukaiacha?"

"Nikaiacha."

Nyiraneza alijiinua kutoka ukutani. Hakupiga kelele. "Bon, sawa," alisema. "Basi toka hapa."

Polisi walipomhoji, aliwaeleza vilevile, neno kwa neno. Connie naye aliandikisha maelezo yake, akafunga vyumba vyote sita, na hakumpigia simu tena. Uwera alihamishiwa Kigali. Mutabazi akafunga kibanda wiki tatu, akatembea nyumba kwa nyumba kutafuta kila hita aliyowahi kuifunga mjini. Iliyokuwa na vali iliyoganda aliikata waya. Mwanamume mmoja alimtukana mbele ya wanawe akimwita mwizi. Mutabazi akamaliza kukata, akaomba radhi, akatoka. Jioni alirudi nyumbani akapika mwenyewe.

Uwera alirudi baada ya miezi minne. Shingo ilikuwa imevutwa upande kwa kovu, na vidole vya mkono wa kuume havikukunjuka. Wasichana waliendelea kuja kwake. Alikaa kwenye kigoda akiwaelekeza namna ya kugawa nywele, na wao wakasukana wenyewe kwa wenyewe. Polepole wakapungua.

Siku moja Mutabazi alimkuta peke yake uani. Kwa miezi yote hiyo alikuwa ametafuta maneno ya kumwambia, na yaliyomtoka yakawa haya tu.

"Uwera, mwanangu, nisamehe."

Msichana aliutazama mkono wake uliolala magotini.

"Ungeniambia tu mimi, fundi," alisema taratibu. "Siku ile kwenye korido. Ningekuwa naizima kila asubuhi kabla sijaingia. Connie hata asingejua."

Jambo hilo halikuwa limempitia Mutabazi akilini hata mara moja. Alikuwa amejilaumu kwa kumnyamazia Connie, kumbe aliyepaswa kuambiwa alikuwa amesimama mbele yake na mashuka.

"Nilipaswa kukwambia," alisema. "Ni kweli. Nilipaswa kukwambia."

Uwera akatikisa kichwa kidogo, kwa shida ya lile kovu, akaingia ndani.

Mwezi wa kumi na moja Nyiraneza alihamia Kanama kwa kaka yake, pamoja na binti yake. Mutabazi alijitolea kubeba godoro. Nyiraneza akampisha kama mtu asiyemfahamu na kumpa dereva wa gari alibebe. Gari lilipoondoka Uwera aliinua mkono wa kushoto kumuaga. Mama yake alitazama mbele.

Nyumba ile ya jirani haijapata mpangaji mpaka sasa.