Matumbawe Sebuleni Kwetu Garsen

Nililichukia lile tangi la kioo tangu siku liliposhushwa kwenye lori pale Garsen, limeviringishwa godoro kuukuu, na mume wangu amelikumbatia utafikiri kabeba mgonjwa. Hoteli alimokuwa mhudumu kule Malindi ilikosa wageni ikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa kila mtu achukue kitu. Wenzake walichukua vitanda na mafriji. Yeye akachukua tangi.

Kwa miezi mitatu likakaa uani, kuku wanatagia humo, na yeye akawa wa kulala tu. Haogi, hanyoi ndevu, ukimwuliza neno anakujibu kwa mkono. Niliogopa, sitaficha. Niliona nafanywa mjane na mume yu hai.

Halafu asubuhi moja akaliosha lile tangi, akaniambia atafuga matumbawe sebuleni, kama yale ya mapokezi hotelini. Hotelini kazi yake ilikuwa kufuta kioo kwa nje. Ya ndani alikuwa hayajui hata kidogo. Nilifurahi kwamba ameinuka, nikachukizwa na alichoinukia.

Akawa anapanda basi kwenda Malindi na madumu, anarudi na maji ya bahari na mawe aliyopewa na mvuvi, yamefunikwa magunia mabichi. Eti mawe hayo ni hai, yana viumbe ndani yake. Hai gani? Nusu ya vilivyokuwa humo vilikufa juma la kwanza, nyumba ikanuka kama matumbo yaliyosahauliwa juani. Akasema lazima vioze kwanza ndipo maji yatulie. Kioo kikaota ute wa kahawia, kamasi tupu. Siku moja nasonga ugali, mdudu mwenye miguu kama tandu akachomoza kwenye jiwe, mrefu kama mkono wangu, nikatapika. Jongoo bahari naye amejilaza pale chini, anakula mchanga na kunya mchanga, mchana kutwa, mbele ya wageni, na juu yake visamaki viwili vya rangi ya chungwa alivyopewa na yule mvuvi.

Mama wa Kiorma aliyekuwa akituletea maziwa alisimama mlangoni akatazama sana.

"Hii samaki nyinyi nakula?"

"Hatuli."

"Maji yake nakunywa?"

"Ya chumvi hayo, mama."

Akageuka kunitazama mimi. "Sasa hii kazi yake nini?"

Nikapokea maziwa, nikamlipa. Lakini kazi yake nilikuwa naiona. Mume wangu sasa aliamka mapema, akanyoa, akavaa shati. Mawe yakaanza kuvaa rangi ya zambarau, kitu kimoja laini chenye vidole, ndilo tumbawe lenyewe, kikafunguka, na vile visamaki viwili vikawa vinalala humo ndani. Akaniita nije nione, kwa sauti ile aliyokuwa nayo wakati ananiposa kule Ngao. Nikatazama huku nimeziba pua kwa leso, nikamwambia vinapendeza.

Juma hilo akaenda Malindi kuchota maji mengine. Aliniachia chakula cha samaki, akasema nitie chembe tu. Mimi niliyezoea kulisha watu nikatia konzi. Kesho yake maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele. Nikajua akiyakuta hivi atarudi kitandani. Basi nikafanya anavyofanya kila mama wa huku maji ya mto yakija na tope: nikachukua donge la shabu, nikalikoroga humo mpaka uchafu ukazama. Kufika alasiri maji yalikuwa yanang'aa. Nilijisifu, tena kwa sauti.

Asubuhi visamaki vilikuwa vimelala ubavu. Kile chenye vidole kilikuwa kimeyeyuka, kinaning'inia jiweni kama kohozi, na uvundo umejaa nyumba nzima. Nikatumbukiza mkono nikidhani nitaokoa chochote, ute ukaninasa mpaka kiwiko. Nimepasua samaki tangu utotoni, nimeosha wagonjwa, nimeosha maiti. Sijawahi kuona kinyaa kama kile, maana kilikuwa kinyaa cha mkono wangu mwenyewe.

Alirudi saa sita mchana, dumu kila mkono. Hakuyatua. Alisimama akatazama, kisha akasema polepole, "Niliharakisha kuvitia humo. Hata samaki wananishinda."

Nikafungua mdomo nimwambie ni shabu yangu. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, na sikulitoa.

"Nisamehe, mama watoto," akasema. "Nimekujazia nyumba uvundo bure."

Nikamwambia nimemsamehe.