Pikipiki ya Mume Wangu wa Kwanza

Mume wangu wa kwanza aliuza mitumba pale Suna, Migori, lakini alijiona fundi. Miaka ile ya tisini pikipiki zilikuwa chache kwetu, na yeye alikuwa nayo moja ndogo, nyepesi, iliyotutosha kabisa. Kumbe yeye haikumtosha. Siku moja mtu alimpita mlimani, basi akakosa raha.

Akatafuta injini ya pikipiki kubwa iliyogongwa na lori. Haikuingia kwenye ile yetu ndogo. Mwenye akili angeishia hapo. Yeye alikata fremu kwa msumeno, akachomelea vyuma vya kitanda chetu cha zamani, akaishindilia mle kama mtu anayemvika fahali suruali. Breki aliacha zilezile.

"Na breki?" nikamuuliza.

"Mama watoto, pikipiki hununuliwa iende, si isimame."

Vijana wa sokoni wakamshangilia. Mpumbavu akishangiliwa, hahitaji ushahidi mwingine.

Jumapili moja tukawaacha watoto kwa dada yake, tukaenda Homa Bay kumwona mama yangu. Nilikaa nyuma nikipakata kuku. Kwenye mteremko wa Asumbi, watu wakitoka misa, nilisikia chuma kikilia, kisha pikipiki ikakatika katikati. Mimi na gurudumu la nyuma tukaingia mtaroni. Yeye akaburuzwa mbele, usukani mkononi. Kuku akatorokea upande wa misheni.

Goti langu lilikuwa limechanika, damu inatiririka. Mume wangu akainuka, akaja mbio, akanipita, akapiga magoti kando ya injini na kuipapasa.

"Haijapasuka!" akasema, meno yote nje. "Asante Mungu."

Mama mmoja aliyekuwa akinifunga leso gotini alimtazama, akanigeukia. "Huyu ni nani wako, dada?"

"Simjui," nikamjibu.

Nikapanda gari la Homa Bay, nikamwacha pale. Jioni alifika kwa mama kwa mkokoteni wa ng'ombe, ameipakata injini, grisi mpaka masikioni. Kwa desturi yetu mama hapaswi kumkodolea mkwewe macho. Siku hiyo alimkodolea.

"Fremu ndiyo iliniangusha, mama," akaeleza. "Injini haina kosa."

Hakuuliza habari ya goti. Asubuhi alirudi Suna na injini yake, mimi nikabaki kwa mama. Goti lilipopona nikasikia anatafuta fremu nyingine. Nilikwenda nikachukua watoto kwa dada yake, na nguo zangu nyumbani. Alikuwa amejipinda chini ya vyuma, hakuinua hata kichwa.