Kigingi cha Sifuri Chahama Busunzu

Saa mbili asubuhi, umande haujakauka, na Leonidasi Ndayiragije amepiga magoti katikati ya maharage ya watu. Anatafuta kigingi. Busunzu nzima imetoka kumtazama, na hakuna anayempa pole.

Hatua kama mia na thelathini nyuma yake iko nyumba ya Theodosia, mjane mwenye watoto wanne. Ukutani imechorwa alama nyekundu. Saa sita mchana inabomolewa, maana vipimo vipya vinasema iko barabarani.

"Nimeikandika kwa mikono hii," anasema Theodosia. "Kama hapa ni barabara, Leonidasi, ulinipa kwa nini?"

 Ni kweli, Leonidasi ndiye aliyempa kiwanja hicho.

Ana miaka arobaini na mmoja, na huu ni mwaka wa kumi na moja akivuta mnyororo wa kupimia ardhi, Kasulu na Kibondo. Tangu kazi ya vijiji vipya ianze mwaka juzi, 1974, amepigilia vigingi zaidi ya elfu mbili.

"Kazi yenyewe ni mistari miwili," anaeleza. "Mmoja unakwenda mashariki, mmoja unapanda kaskazini. Inapokutana ndipo sifuri. Nyumba ya mama huyu ni hatua sitini mashariki, mia na ishirini kaskazini. Namba mbili, nyumba moja."

Na barabara je? anauliza mtu katika umati.

"Barabara ina namba moja tu! Mia kaskazini, basi. Mashariki nenda utakako. Ukitaja namba moja ukanyamaza, umetaja mstari mzima." Anacheka. "Tulipopimia bomba la maji tuliongeza namba ya tatu, ya kimo. Hapo ukitaja kimo peke yake, unapata sakafu nzima iliyotandazwa juu ya vilima hivi."

Sasa kigingi cha sifuri kimepatikana, lakini si pale Leonidasi alipokiweka. Kiko hatua ishirini juu zaidi, upande wa kaskazini, tena kimechipua matawi mabichi.

Anayejua habari zake ni Felisiani, mkulima jirani, naye hafichi kitu.

"Nilikihamisha mimi," anasema. "Kilikuwa kijiti kikavu, ndugu zangu. Kwetu Buha mpaka ni mti ulio hai. Kijiti kikavu ni cha kufungia mbuzi! Nikaking'oa, nikapanda mnyaa mzuri, ule mti wa utomvu tunaofanyia ua, huko juu, mahali pasipo na mchwa. Nilidhani nawasaidia."

"Yoo! Umenisaidia mimi kulala nje!" Theodosia anamkemea.

Bwana Tamimu, mpima mpya, aliukuta mnyaa huo akauhesabia kuwa sifuri. Mia yake ya barabara ikaangukia palipokuwa mia na ishirini, yaani sebuleni kwa Theodosia.

Leonidasi anainuka na kamba. Mstari wa mashariki bado una vigingi viwili vya zamani ndani ya maharage, na viwili vinatosha. Anaivuta kamba juu yake. Kisha anavuta nyingine kuteremka kutoka kwenye mnyaa, maana Felisiani anasema alikwenda juu moja kwa moja, hakupinda kando. Kamba zinapopishana, anachimba.

Kwa kina cha dhiraa moja, jembe linatoa mkaa. Huo aliufukia yeye mwenyewe siku ya kwanza, maana mkaa hauozi wala hauliwi na mchwa.

Tamimu anachuchumaa, anautazama, anafungua daftari. "Nikiubakiza mnyaa kuwa sifuri?"

"Basi barabara iite themanini, na nyumba ile iite mia," Leonidasi anamjibu. "Barabara ni ileile, bwana, na nyumba ni ileile. Wewe badili daftari."

Tamimu anaandika. Halafu anapanda hadi nyumbani kwa Theodosia, anaomba maji na kitambaa, anaifuta ile alama nyekundu kwa mkono wake. Theodosia anakaa chini penye udongo na kulia kwa sauti, haoni haya.

Felisiani anataka kuondoka kimyakimya. Leonidasi anamshika mkono.

"Kosa ni langu pia," anamwambia. "Nimepima ardhi yenu miaka kumi na moja, sijawahi kumwuliza mtu mpaka kwenu huwekwaje."

Jumatatu anakwenda Kagerankanda kuanza kijiji kipya. Safari hii atawaita majirani wote kwanza, na juu ya mkaa utapandwa mnyaa mbichi, wao wakishuhudia.

"Sitaupanda mimi," anasema akikunja kamba. "Nitawapa wapande wenyewe. Nione kama kuna atakayeung'oa."